Ballyhoo: kelele za mlangoni na asili inayogombaniwa

Magazeti ya Marekani ya miaka ya 1920 yalikuwa na neno lao la kueleza jambo linalopigiwa kelele kuliko uzito wake. Neno hilo ni "ballyhoo", nalo hutamkwa balihuu. Pambano la ngumi linalotangazwa miezi kabla ya kengele ya kwanza, filamu inayosifiwa na watu ambao hawajaiona, mgombea anayeingia mjini na matarumbeta: yote hayo yaliitwa ballyhoo. Sisi tungesema mbwembwe au kupiga debe, na vijana wanaofuatilia habari za wasanii wangesema mtu anatafuta kiki. Kwa hiyo maana yake haimpi mtu shida. Shida iko kwenye asili. Kamusi kubwa za Kiingereza, ikiwamo ya Oxford, zikifika hapo huandika kwamba asili ya neno haijulikani, ilhali hadithi zinazozunguka ni nne au tano, na kila msimulizi ana uhakika na yake.

Nataka kuzipitia hadithi hizo, kwa sababu ni darasa zuri la namna ya kupima dai lolote kuhusu neno lilikotoka. Ila kwanza tusimame kwenye jukwaa lenyewe. Kabla ya kuwa neno la waandishi wa habari, ballyhoo ilikuwa kazi, na kazi hiyo ilikuwa na mahali pake, watu wake na ufundi wake.

Mwaka 1901 mji wa Buffalo, jimbo la New York, uliandaa maonyesho makubwa ya mataifa ya Amerika. Wengi huyakumbuka kwa sababu ya Rais William McKinley, aliyepigwa risasi humo Septemba 6 na kufariki siku nane baadaye. Maonyesho hayo yalikuwa pia na mtaa mrefu wa burudani za kulipia, na jarida la World's Work la mwaka huohuo liliwaeleza wasomaji wake namna watu walivyovutwa kuingia kwenye mabanda. Kwanza, lilisema, huja ballyhoo, yaani onyesho la aina yoyote linalofanyika nje ya banda, kuanzia nyimbo hadi wachezaji wenye matari. Huo ndio ushahidi wa mwanzo wa maandishi ambao wanakamusi huutegemea kwa maana hii. Neno linatajwa kana kwamba kila mtu wa mtaa ule analijua, kwa hiyo bila shaka lilikuwa limekwisha kusemwa kwa muda kabla ya kuandikwa.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mbele ya hema kuna jukwaa dogo la mbao, juu kidogo ya vichwa vya wapita njia. Ngoma inapigwa, au kengele, ili walio mbali wageuze shingo. Msemaji anapanda na mmoja au wawili wa wasanii wa ndani: mla moto, au mwanamke aliyejizungushia chatu, au jabali la mtu lenye misuli. Mla moto anawasha mwenge, anauzungusha, anaupeleka mpaka karibu na midomo, na hapo msemaji anamkatiza. Mengine yako ndani. Watu wanasogea. Msemaji anawaomba wasogee tena hatua mbili tatu, wapishe njia, na hilo nalo lina sababu yake: aliyebanwa na wenzake mbele na nyuma hajiondokei kirahisi. Kisha bei inatajwa, inashushwa kwa wale watakaoingia sasa hivi, na mtu mmoja kutoka katikati ya kundi anachomoka kwenda kukata tiketi ya kwanza. Mtu huyo ni wa kampuni. Waliomwona akienda wanamfuata. Ni ufundi uleule wa vijana wa stendi wanaoketi ndani ya daladala ili ionekane inakaribia kujaa, halafu wakashuka mmoja mmoja kadiri abiria wa kweli wanavyopanda.

Watu wa kazi hiyo walilifupisha neno kuwa "bally" tu. Jukwaa ni bally, na kuwatoa wasanii nje ni kufanya bally. Mtu wa nje humwita yule wa jukwaani mbwekaji, jina ambalo wenyewe hawakulipenda hata kidogo. Wao walimwita msemaji, na msemaji mzuri alithaminiwa kuliko mla moto, kwa kuwa bila yeye mla moto angemeza miali mbele ya viti vitupu.

Ufundi huu haukuzaliwa Buffalo. Phineas T. Barnum, aliyefungua jumba lake la maajabu mjini New York miaka ya 1840, aliweka bendi barazani juu ya mlango na kutangaza muziki wa bure kwa umma. Mwenyewe alisimulia kwamba alichagua kwa makusudi wanamuziki wabovu kuliko wote aliowapata, ili waliosogea kusikiliza bure wakimbilie ndani kuokoa masikio yao, na ndani ni kwa tiketi. Kitu kilikuwepo, basi, nusu karne nzima kabla ya neno kuandikwa. Hilo ni la kukumbuka tukifika kwenye hadithi za asili.

Na kuna jambo ambalo msomaji wa Afrika hapaswi kulipita haraka. Waliotolewa nje kupiga ngoma ili tiketi ziuzwe mara nyingi walikuwa watu wetu, au watu waliovalishwa ili wafanane na sisi. Buffalo kulikuwa na banda lililojenga upya shamba la watumwa na kuwaonyesha Weusi wakiimba kwa furaha, miaka 36 tu baada ya utumwa kufutwa Marekani. Kulikuwa pia na kijiji cha "Afrika yenye giza". Kwenye maonyesho ya Chicago, mwaka 1893, kulikuwa na kijiji cha Dahomey, ufalme wa Afrika Magharibi ulio Benin ya leo, na Frederick Douglass, mzee aliyezaliwa utumwani na kuwa sauti kubwa ya Weusi wa Marekani, aliandika kwa uchungu kwamba watu hao waliletwa ili kumwonyesha Mweusi kama mshenzi. Tunapoeleza ballyhoo kuwa ni kelele za biashara tu, tuwakumbuke pia waliokuwa wakifanya kelele hizo kwa ajili ya mfuko wa mtu mwingine.

Kutoka jukwaani neno lilitembea haraka. Kufikia mwaka 1908 hivi lilikuwa linatumika kwa matangazo ya kelele ya namna yoyote, pasipo hema wala mla moto. Miaka ya 1920 ikalinenepesha: redio zilikuwa zimeingia majumbani, magazeti ya picha yalikuwa yakigombania wasomaji, na kesi ya mwalimu John Scopes, aliyeshtakiwa kwa kufundisha nadharia ya mageuzi ya viumbe huko Dayton, Tennessee, mwaka 1925, iligeuka gulio zima. Mwaka 1931 kampuni ya Dell ilitoa jarida la vichekesho lililoitwa Ballyhoo, chini ya mhariri Norman Anthony, likiwadhihaki wenye matangazo ya sabuni, sigara na dawa za meno. Toleo la kwanza lilifungwa kwa selofeni kama pakiti ya sigara, na katika muda mfupi jarida likawa linauza zaidi ya nakala milioni moja. Marekani ilikuwa katikati ya anguko la uchumi. Watu waliokuwa wamenunua kwa kusadiki matangazo sasa walikuwa tayari kulipa ili wayaone yakivuliwa nguo.

Sasa asili.

Tuwe na kipimo kwanza. Mfanano wa sauti peke yake hauthibitishi kitu, maana lugha mbili zozote zina maneno mengi yanayofanana kwa bahati. Dai zuri linatakiwa lionyeshe njia: neno lilikuwa wapi, lini, kinywani mwa nani, na maana yake ilipitaje kutoka hapo hadi hapa. Chukua kupiga debe. Debe ni lile bati la mafuta ya taa, jina limetoka lugha za Bara Hindi, bati lenyewe limejaa pwani na bara, ukilipiga linalia, na anayelipiga anataka watu wageuke. Kila hatua inaonekana. Ballyhoo haina bahati hiyo, kwa hiyo kila hadithi lazima iulizwe ni hatua ipi inayokosekana.

Hadithi ya kwanza ni ya baharini. Katika visiwa vya Karibi kulikuwa na jahazi la milingoti miwili, jepesi na lenye mbio, ambalo kwa Kihispania liliitwa "balahú". Jeshi la majini la Uingereza lilijenga kundi la jahazi za namna hiyo kwa mierezi ya Bermuda kuanzia mwaka 1804 hivi na kuzipa majina ya samaki, na mojawapo ikaitwa Ballahoo. Hilo kweli ni jina la samaki: yule wa jamii ya chuchunge, mwenye taya la chini refu kama sindano, ambaye wavuvi wa Florida mpaka leo humwita ballyhoo na kumtumia kama chambo. Baadaye mabaharia wakaligeuza jina la jahazi kuwa tusi kwa chombo chochote kibovu kisichopendeza machoni. Herman Melville analo katika riwaya yake ya baharini ya mwaka 1847, Omoo, tahajia ikiwa imeshafika karibu kabisa na ya leo.

Hadithi hii ina tarehe, ina maandishi, ina sauti kamili. Kinachokosekana ni daraja. Chombo kibovu kinafikaje mlangoni pa hema la sarakasi na kuwa onyesho la bure? Mabaharia wastaafu wengi walifanya kazi ya kamba na turubai kwenye sarakasi, kwa hiyo neno lingeweza kupanda nchi kavu pamoja nao. Kungeweza si kulikuwa. Hakuna maandishi yanayomwonyesha mtu wa sarakasi akilitumia kwa maana ya katikati, na maana hizi mbili hazina hata kidole kimoja kinachogusana.

Ya ndege ni fupi. Mwaka 1880 jarida la Harper's lilichapisha habari ya kiumbe wa kubuni aitwaye ndege wa ballyhoo, mwenye mabawa manne na vichwa viwili, anayeweza kupiga mluzi kwa mdomo mmoja huku akiimba kwa mwingine. Ni mzaha wa kuwatega wageni. Ninachokipenda hapa ni kwamba, miaka 21 kabla ya Buffalo, neno hili lilikwishakaa pamoja na kelele na udanganyifu wa kuchekesha. Lakini ndege huyo hakuleta neno, alipewa tu. Aliyembuni alilitoa mahali fulani.

Hadithi inayopendwa kuliko zote ni ya kijiji. Katika kaunti ya Cork, kusini mwa Ireland, kati ya miji ya Mallow na Fermoy, kando ya mto Blackwater, kuna kijiji kinachoitwa Ballyhooly. Jina lake la Kiairishi lina maana tulivu kabisa, ya kivuko cha matufaha. Sehemu ya "bally" imetoka kwenye neno la Kiairishi la makazi, nayo inaonekana katika maelfu ya majina ya mahali nchini humo. Ila karne ya 19 Ballyhooly ilijulikana kwa fujo. Katika siku za magulio, koo na makundi ya Ireland yalikuwa na desturi ya kupigana kwa fimbo nzito, mapigano ya kupangwa yenye wafuasi wake, na kijiji hiki kilipata sifa mbaya kwa hilo. Miaka ya 1880 Robert Martin, Mwairishi mtunzi wa nyimbo za kumbi za burudani, alitunga wimbo wa kuchekesha kuhusu watu wa Ballyhooly na chama chao cha kupinga pombe. Ukavuma London na kwingineko, jina likawa mdomoni mwa watu ambao wasingeweza kukionyesha kijiji hicho kwenye ramani.

Wanaosimulia kwamba wapiganaji wa gulioni ndio waliolizaa neno moja kwa moja wanaruka sana. Mapigano hayo yalikuwa yamefifia muda mrefu kabla ya 1901, na ugomvi wa fimbo si tangazo. Lakini wimbo ni jambo jingine. Wimbo wa ukumbini unasafiri na wasanii, na kumbi za burudani za Marekani zilijaa Waairishi na watoto wa Waairishi, wengi wao wazao wa waliokimbia njaa kuu iliyoanza 1845. Watu hao ndio waliohamia kwenye mahema na mitaa ya maonyesho. Hapa angalau tunaona neno likiwa kinywani mwa watu sahihi kwa wakati sahihi, likiwa tayari na ladha ya kelele na kichekesho. Kinachobaki ni kueleza kukatwa kwa mkia wake, "ly", na hilo si kubwa: neno la mtaani hukatwa kila siku, na Kiingereza kilikuwa na neno jingine la zogo, "hullabaloo", lenye mwisho wa sauti hiyohiyo ya "uu", la kulivuta upande wake.

Kisha kuna Chicago, na hapa Waswahili tuna la kusema kuliko wanakamusi wengi.

Maonyesho ya Dunia ya Chicago yalifunguliwa Mei 1, 1893 na kufungwa Oktoba 30, na watu walipita milangoni zaidi ya mara milioni 27. Gurudumu kubwa la kwanza la George Ferris, lenye urefu wa mita 80 hivi, lilisimama kwenye mtaa wake wa burudani ulioitwa Midway Plaisance, uliokuwa chini ya kijana Sol Bloom. Banda lililovuna kuliko mengi ni Mtaa wa Cairo: ngamia, punda, wachezaji, wauza tarbushi. Baada ya Chicago, waliokuwa pale hawakutawanyika. Walifuata maonyesho mengine, San Francisco mwaka 1894, Atlanta 1895, Omaha 1898, Buffalo 1901, na jina la Midway likawa jina la kila mtaa wa burudani katika maonyesho ya Marekani.

Simulizi lililoandikwa miaka ya 1930 lasema kwamba pale Chicago madarweshi, yaani Waislamu wa njia ya Kisufi, walitolewa nje ya mabanda wazunguke na kusoma dhikri mbele ya umati, na kwamba sauti yao, "b'Allah hoo", ndiyo iliyogeuka ballyhoo midomoni mwa Wamarekani. Tafsiri iliyotolewa ni kama "kwa Mungu ndiko kuliko". Kwa masikio ya Mmarekani simulizi hilo linakaa vizuri sana. Lakini msomaji aliyekaa karibu na mduara wa dhikri wa tarika ya Kadiria, iwe Bagamoyo au Unguja, anajua "Hu" inavyotoka kifuani kwa pumzi moja huku safu nzima ikiinama na kuinuka. Dhikri husema "Allah Hu". Hiyo "b" ya mbele haina kazi pale. Na ukiunganisha "bi" na jina la Mwenyezi Mungu, Kiarabu hakitoi "ballahu", kinatoa "billahi", kama asemavyo kila mtoto wa chuoni katika audhu billahi. Maneno yaliyotajwa yameundwa ili yafanane na ballyhoo. Aliyeyaandika alianzia mwisho na kurudi nyuma.

Simulizi la pili la Chicago lina unyofu zaidi. Linasema wakalimani walikuwa wamekwenda kula, na meneja Mmarekani, akitaka wasanii watoke nje, akajaribu kurudia maneno ya Kiarabu aliyozoea kuyasikia wakiitwa nayo, yenye kumaanisha njoo hapa, akayavuruga. Watu wa Sham, yaani Syria na jirani zake, husema "hon" kwa maana ya hapa, na Midway ilikuwa na watu wa Sham, kwa hiyo sauti ya mwisho ina mahali pa kutokea. Nusu ya mbele bado inayumba. Na masimulizi yote mawili yana udhaifu mmoja mkubwa: yaliwekwa kwenye karatasi miongo minne hivi baada ya tukio, wakati neno tayari ni maarufu na kila mzee wa mahema angependa kuwa alikuwepo lilipozaliwa.

Mimi naona hivi. Maana ilizaliwa kati ya watu wa Midway na njia yao ya maonyesho, baina ya 1893 na 1901. Hapo ndipo kulikuwa na jukwaa la nje, wasanii wa kutolewa na haja ya jina. Sauti haikuhitaji kuzaliwa. Ilikuwa imetanda tayari, katika wimbo wa Ballyhooly, katika ndege wa Harper's, pengine hata katika tusi la mabaharia, ikingoja kitu cha kukalia. Dhikri ya madarweshi naiondoa kabisa kama asili ya neno, na ninaiondoa bila kusita kwa sababu ni jina la Mwenyezi Mungu linalotajwa, nalo linastahili ushahidi bora kuliko mfanano wa masikio ya mpita njia.

Jambo hili bado linaweza kuamuliwa. Wasanii na wenye mahema walikuwa na magazeti yao ya kazi: New York Clipper, lililoanza 1853, na Billboard, lililoanza Cincinnati mwaka 1894 kama gazeti la wabandika mabango kabla ya kuwa la muziki. Kurasa zao zimejaa barua, matangazo ya kazi na habari za nani yuko mji gani na banda gani, na sehemu kubwa sasa inasomeka kwenye intaneti. Kinachotafutwa ni sentensi moja ya kabla ya 1901 inayolitumia neno kwa maana ya onyesho la nje. Ikipatikana ya 1893 au 1894 kutoka Midway, Chicago itachukua nafasi ya kwanza, na kazi itakuwa kujua ni lugha gani ilisemwa pale. Ikipatikana ya 1888, tuseme, kwenye barua ya mtu wa sarakasi mwenye jina la Kiairishi, Chicago itatoka kwenye mashindano, na wanakijiji wa Ballyhooly watakuwa na dai ambalo hakuna mwingine anaweza kulishinda.